Aliyefika Mlangoni Kwanza

Jumatatu, 28 Oktoba 1985

Siku ya nane tangu tumzike Kaka Obasuyi. Sijalia bado. Wenzangu wamelia mpaka sauti zimekauka. Mimi nazunguka nyumba nzima natafuta miwani niliyoivaa.

Asubuhi nimewaamkia wanawake jikoni kwa salamu ya ukoo wa baba yangu. Miaka thelathini nimetumia ya ukoo wa mume wangu, hata baada ya yeye kufa. Leo mdomo umejiendea wenyewe. Wote wakageuka. Hapa mtu akifumbua mdomo asubuhi, neno la kwanza tu linakwambia ni wa ukoo gani. Mama Amadin, mke mkubwa wa Kaka, akacheka kidogo. "Wifi, umerudi nyumbani bila hata kubisha hodi."

Niliendelea kumenya viazi vikuu.

Mzee Idehen ameshakalia kiti cha Kaka. Hakuna kura, hakuna hotuba. Mwanamume mkubwa kuliko wote kijijini akifa, anayemfuata kwa umri anakaa. Nimewafundisha watoto wa darasa la nne jambo hilo miaka ishirini na tisa, na sikujua linakwenda haraka hivi. Kigoda hakikupata hata vumbi!

Vijana wamefyeka njia ya kaburini. Aigbe, mwenye miaka hamsini na minane na bado hajapandishwa rika la wazee, amelalamika kwamba mgongo wake ni wa mzee ila kazi anazopewa ni za kijana. Wakamwambia angoje wakubwa zake wafe. Kisha wakakumbuka wako msibani, wakaendelea kufyeka.

Tangazo la kifo limebandikwa ukutani. Makosa matatu ya tahajia. Nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Chini, palipoandikwa "Mwana wa kwanza", wameacha wazi. Hapo sikutia kalamu.

Jumanne, 29 Oktoba

Eguavoen, mtoto wa Kaka kwa mke mdogo, amefika kutoka Lagos. Peugeot imejaa vitambaa vyeupe, na nyuma mbuzi dume mweusi. Wakati huohuo Amadin anaingia uani kutoka njia ya mashambani — na yeye anakokota mbuzi dume mweusi!

Mbuzi wa mwana wa kwanza ni mmoja tu. Atakayemchinja kaburini ndiye mwenye kumfanyia baba ibada zake siku saba. Ndiye atakayesimika fimbo ya baba kwenye madhabahu ya mababu. Ndiye mwenye igiogbe, yaani nyumba hii aliyoishi baba na kufia humo. Wengine watagawana kilichobaki, mashamba, miti ya mpira, redio.

"Karibu, mdogo wangu," Amadin akasema.

"Ahsante, mdogo wangu," Eguavoen akajibu.

Watu wakaangua kicheko. Wao wawili hawakucheka. Walizaliwa siku moja, Januari 1942, mama mbalimbali, uani humu humu. Wana miaka arobaini na mitatu na kipara kimeanza mahali pamoja.

Mbuzi wamefungwa mti mmoja. Wanapigana pembe tangu mchana. Najaribu kuhisi kitu, hata hasira. Wapi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Baraza la wazee, asubuhi, ukumbini. Niliitwa nikae karibu. Naandika kama nilivyokuwa naandika kitabu cha kumbukumbu za shule, kwa mpangilio, maana kichwa changu leo hakina mpangilio.

Mzee Idehen aliombea kokwa ya kola, kijana akaipasua, tukala. Kisha akasema sheria inajulikana. Haiulizwi nani alitoka tumboni kwanza. Inaulizwa baba alimsikia nani kwanza. Hata ikulu, akasema, zamani za kale mwana wa mfalme Aruanran alizaliwa mbele lakini habari ya ndugu yake Esigie ikatangulia kumfikia mfalme, na Esigie ndiye aliyehesabiwa mkubwa. Nani anabisha?

Hakuna aliyebisha. Eguavoen akaanza kukunja mikono ya kanzu, kama mtu ambaye kesi ameshaishinda.

Mama Amadin akasimama. Magoti yanamsumbua, lakini alisimama! Akasema habari yake ndiyo iliyotangulia kutoka. Kwamba Amadin alilia kabla jogoo hajamaliza kuwika, na mke mwenzake alijifungua jua limeshatoka. Kwamba Kaka alikuwa kibandani kwake shambani, na yeye alimtuma mtoto.

"Nilimtuma huyu," akaninyooshea kidole. "Akafika mlangoni. Akamkuta mwenye nyumba anakula. Akangoja kwa adabu! Ndipo akaja yule Uwaila aliyetumwa na mke mwenzangu, mbio, akabwata mlangoni kama muuza samaki, akapakwa chokaa ya mleta habari njema. Sasa nyie wazee niambieni. Adabu imekuwa kosa lini?"

Minong'ono. Mzee mmoja akasema mjumbe akishakanyaga kizingiti habari imefika, nyumba imeshasikia, hata kama mwenye nyumba mdomo umejaa. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mzee Idehen akakuna kidevu. Akasema hilo halijawahi kuamuliwa hapa kwetu, na marehemu mwenyewe hakuliamua. Kweli. Mpaka anakufa Kaka aliwaita wote wawili "mkubwa wangu". Watu walifanya mzaha — mwenye wakubwa wawili.

Eguavoen akasema basi twende ikulu.

"Ikulu?" Mzee Idehen akaruka. "Nina siku kumi na moja kwenye kiti hiki, unataka nikamwambie mfalme kwamba kijiji changu hakijui mtoto gani amezaliwa kwanza? Tutachekwa mpaka Ife!"

Akaamua hivi. Mama yake Eguavoen amekufa. Uwaila amekufa. Shahidi amebaki mmoja. Jumamosi ya wiki ijayo, kabla ya mbuzi, shahidi atashika fimbo ya mababu, atalamba chokaa, atasema alikuwa mlangoni au hakuwa. Akisema alikuwepo, nyumba ni ya Amadin. Akisema hakuwepo, ni ya Eguavoen.

"Mwalimu, utasema?"

"Nitasema," nikajibu. Kama mtu anayekubali kupokea barua ya jirani.

Ijumaa, 1 Novemba

Sikuwa mlangoni.

Ndiyo, nimeandika. Hata nukta nimetia.

Nilikuwa na miaka tisa. Kaka alikuwa na thelathini na sita, baba yetu mmoja, mama mbalimbali, na nilikuwa nimeletwa hapa kumsaidia mkewe. Alfajiri ile Mama Amadin alinishika shavu kwa mkono uliolowa jasho. "Kimbia. Mwambie ni mwanamume." Nilikimbia kweli. Njia ya kibandani inapita kando ya handaki la kale, lile la enzi za wafalme wa mwanzo. Upande wa pili kuna mti wa otien. Otien, tunda letu la utomvu mweupe, haichumwi, inangojwa idondoke. Na mimi napita — pu! Nikasikia imedondoka. Halafu nyingine.

Nilishuka handakini. Nilikula tatu, nne, sijui. Majani yalikuwa na umande. Nilikuwa na njaa, au sikuwa na njaa, nilikuwa mtoto tu. Juu njiani nikasikia miguu ya mtu anakimbia. Sikuinua kichwa.

Nilipofika kibandani Uwaila alikuwa ameshapakwa chokaa kipajini, anacheka. Kaka alikuwa anakula kweli. Nikatoa habari yangu. Akanitazama. Akanipaka chokaa na mimi.

Nikarudi. Mama Amadin akauliza mbona yule amerudi mbele yako. Nikamwambia nilitangulia kufika, ila Kaka alikuwa anakula, nikangoja. Maneno hayo yalitoka yenyewe, yamepangika. Akanikumbatia juu ya mtoto wake mchanga. Akalia. "Umeona mtoto mwenye adabu!"

Ni hivyo tu. Sikuua mtu.

Lakini kwa ajili ya adabu hiyo Mama Amadin alimsumbua Kaka mpaka nikapelekwa shule, msichana wa kwanza kijijini. Kwa hiyo ualimu, ukuu wa shule, nyumba yangu ya mjini, hii kalamu. Na Uwaila amekufa akiitwa Mbwataji. Hata wajukuu zake wanaitwa wa kwa Mbwataji.

Nimekunywa chai. Ilikuwa imepoa.

Jumapili, 3 Novemba

Kanisani. Sijui mahubiri yalihusu nini.

Mchana Eguavoen amekuja kukaa nami barazani. Ananenepa, anahema akipanda ngazi mbili. Alinitania kwanza, kama kawaida yake.

"Shangazi, siku hizi hata viboko hupigi? Naona watoto wanapita hapa wamechomekea mashati ovyo."

"Nimestaafu."

"Basi nchi imekwisha."

Tukakaa. Akasema yeye nyumba hii haihitaji. Ana nyumba Lagos, ina bomba la maji ndani. Watoto wake hawatakuja kuishi huku, wanaogopa popo. Nikamwambia basi mwachie Amadin. Akatikisa kichwa.

"Unajua walikuwa wananiitaje mtoni nikiwa mdogo? Mwizi wa chokaa. Sikujua nimeiba nini. Nilikuwa na saa moja duniani, Shangazi, nimefungwa kitambaa, nimeiba nini? Amadin alipopata homa, mama yake alimwambia mama yangu kwamba bahati ya mtoto wake iko kwa mwizi. Mama alikufa na jambo hilo. Nyumba wachukue. Nataka tu mtu aseme mbele ya baba kwamba sikuiba."

Anasema "mbele ya baba" kama vile baba yuko ukumbini.

Kisha akaniuliza kama ninayo dawa ya kiungulia. Nilikuwa nayo.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Nimelala mchana. Nimekula supu nyeusi na kiazi cha kutwanga, nikamaliza bakuli, sikumbuki ladha. Mbuzi mmoja amekata kamba akala nusu ya tangazo la kifo. Kichwa cha Kaka pichani kimesalimika, miaka yake imeliwa.

Jumatano, 6 Novemba

Amadin ameniita chumbani kwa Kaka. Hakijapangwa upya. Kitanda, beseni, kile kitambaa cha kumfutia mate. Miaka minne Kaka amelala hapa nusu ya mwili imekufa, na Amadin ndiye aliyemgeuza, aliyemwogesha, aliyemlisha. Mkewe alikimbia kwa sababu hiyo. Alisema hakuolewa na mzee.

"Sijawahi kulala nje ya nyumba hii tangu augue," akasema. Si kwa kujisifu. Kama mtu anayetaja saizi ya kiatu.

Akatoa kitu chini ya kitanda, kimefungwa gunia. Fimbo. Ameshaichonga! Fimbo ya baba, ya kusimika madhabahuni, mti mzuri, pingili juu ya pingili kwa utaratibu wake, na kichwani sura ya Kaka — mdomo wake umepinda upande mmoja, kama alivyokuwa miaka ya mwisho. Hakuna anayechonga mababu wamepinda midomo. Nikamwambia.

"Ndivyo alivyokuwa, Shangazi. Ningemnyoosha ningekuwa namdanganya."

Hiyo fimbo anaisimika mwana wa kwanza peke yake. Mwingine hata akiichonga ni kuni.

Nilitaka kumwambia palepale. Mdomo ulifunguka. Nikamuuliza mti gani ametumia.

Nikiwa nimekaa pale nimemkumbuka Kaka alivyokuwa akinitania kuhusu kitabu cha historia cha darasa la nne. Kitabu kinasema wafalme wa anga, wale Ogiso, walipokwisha, wazee wetu walituma watu Ife kuomba mfalme, akaja mwana wa mfalme mgeni, na mtoto wake ndiye mfalme wetu wa kwanza aliyeitwa Oba. Kaka alikuwa anapiga paja. "Mgeni gani! Yule ni damu yetu iliyorudi nyumbani!" Na hadithi yake ilikuwa ileile kila mara. Mfalme Owodo alikuwa na mwana mmoja tu, Ekaladerhan. Wakeze wengine hawakuzaa. Akatuma watu kwa mganga, na Esagho, mke mkubwa, akiwemo. Mganga akasema shida ni Esagho mwenyewe. Huyo Esagho akawatisha wenzake njiani, wakarudi wakasema shida ni mtoto. Mtoto akafukuzwa porini, na kwa masimulizi ya Kaka huyo ndiye aliyefika Ife akawa mkubwa huko. Owodo akabaki bila mrithi, ufalme ukaanguka.

"Ufalme mzima," Kaka alikuwa anasema, "kwa mjumbe aliyebadilisha maneno njiani. Mwalimu, unawafundisha hiyo?"

"Naifundisha."

"Vizuri." Na kuendelea kula.

Sasa lingine. Januari iliyopita nilikuja kumwona. Hakuweza kusema tena. Amadin alikuwa amemletea otien ndani ya bakuli. Kaka akachukua moja kwa mkono mzima, ikamchukua muda mrefu sana, akaniwekea kiganjani. Kisha akagusa midomo yake. Akacheka na nusu ya uso iliyobaki. Amadin akacheka pia, akasema Baba anataka ule.

Utomvu wa otien unaganda midomoni, mweupe, haufutiki kwa mkono. Asubuhi ile kibandani nilikuwa nao mdomo mzima.

Alijua. Alijua tangu ananipaka chokaa! Angesema Eguavoen ndiye mkubwa, Mama Amadin angetaka niapishwe, na uongo wangu ungejulikana. Akaamua kuwa na wakubwa wawili. Miaka arobaini na mitatu amenifichia na wanawe wameumia. Naandika haya na macho makavu. Nina hakika kuna mtu mwingine ndani yangu analia mahali, ila sijui ni chumba gani.

Alhamisi, 7 Novemba

Hakuna cha kuandika. Aigbe amepandishwa rika. Maana yake kuna mzee mwingine amekufa, kitongoji cha pili. Amefurahi na anajaribu kuficha.

Ijumaa, 8 Novemba

Mzee Idehen amekuja kunielekeza kiapo. Nitavua viatu. Nitashika fimbo ya baba yetu, ya babu yetu, zile zote kwa pamoja. Nitalamba chokaa. Nitasema. Anayesema uongo hamalizi mwaka.

"Wewe ni mtu wa kanisa, najua," akasema. "Lakini wao si watu wa kanisa." Akaonyesha madhabahu kwa kidevu.

Nikamuuliza, kama mzaha, itakuwaje shahidi akiwa amesahau. Ilikuwa miaka mingi.

"Wewe? Wewe ulikuwa unakumbuka jina la kila mtoto aliyechelewa namba mwaka gani."

Nikamuuliza tena. Na kama mtoto wa miaka tisa alisema jambo lisilo kweli, na mtu mzima wa miaka hamsini na miwili akalisahihisha, atafanywa nini?

Alinitazama. Amekuwa mkuu kwa siku kumi na tisa tu, lakini macho ni ya zamani. Akawatazama kuku wakipita mbele yetu wote, mama na vifaranga.

"Mtoto hafanywi kitu," akasema. "Mtu mzima sijui. Mama Amadin yuko nyumba hiyohiyo. Jiko hilohilo." Akainuka. Akasema hajasikia nilichouliza, masikio yake siku hizi yana shida.

Mchana Mama Amadin ameniletea chokaa. Bonge zima, jeupe, limefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwani. Akasema ni la kwangu. Siku ile nilipakwa wa pili, kesho nitapakwa wa kwanza. Amelitunza tangu Kaka alipougua.

"Wifi," akasema, "nimezaa watoto sita. Wanne wamekufa. Huyu mmoja amepoteza mke kwa kumwogesha baba yake. Kesho nitalala usingizi." Akanipapasa shavu. Lilelile, mkono uleule, sasa mkavu kabisa.

Nikamwambia ahsante.

Jumamosi, 9 Novemba

Saa tatu asubuhi. Nimeamka mapema, nimeoga, nimevaa kitambaa cheupe na shanga za marijani za mama yangu. Nimekunja matandiko. Bonge la chokaa liko mezani kando ya daftari hili, limeacha unga kwenye karatasi.

Uani kumejaa watu. Mbuzi wote wawili wamesogezwa karibu na kaburi, kila mmoja na kamba yake. Kisu ni kimoja, kipo juu ya jani la mgomba. Sauti ya Eguavoen naisikia mpaka humu, anawachekesha wakwe zake, anasema mbuzi atakayeshindwa apewe nauli arudi Lagos. Anacheka mno. Nikimsikia anacheka hivyo nakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka mtoni, anacheka, magoti yamechubuka.

Wameimba wimbo wa kwanza. Wamenyamaza. Sasa wananingoja mimi.

Nimejaribu maneno kwa sauti ndogo. "Nilikuwa mlangoni." Yanatoka kwa urahisi, yamezoea njia. "Sikuwa mlangoni." Haya nimeyaanza mara tatu, sijayamaliza.

Amadin amekuja. Amesimama nje ya pazia la chumba changu. Ameshavua shati, amefunga kitambaa cheupe kiunoni, kifua kimekonda. Mkononi anayo ile fimbo, imefungwa gunia bado.

"Shangazi, wazee wanakuita."

"Nakuja."

Hakuondoka. Kisha akauliza. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza, hata mara moja! Mama yake alisema, akaamini, akaishi nayo.

"Shangazi, ulikuwepo mlangoni, sivyo?"

Nilishika kalamu. Nikaangalia karatasi. Nikamwambia, "Ngoja kidogo nimalize kuandika."

"Haya," akasema.

Nilidhani angeingia. Angeweza kuingia, pazia ni kitambaa tu, na uani watu wameanza kuguna, na Mzee Idehen ameita mara ya pili. Hajaingia. Hajaniharakisha. Naona miguu yake chini ya pazia, vidole vimejaa vumbi, imesimama kwenye kizingiti, haijakivuka.

Anangoja. Yeye anangoja kweli.

Nimeanza kulia. Karatasi inalowa, wino unasambaa. Ameita tena, taratibu — Shangazi? — na mimi nimeinuka, chokaa nimeiacha mezani, namwambia yale maneno ya pili, yale niliyokuwa siwezi kuyamaliza.